Mbwa wa Kambi ya Kamba

Mkunguni, 19 Machi 1994

Sadallah,

Salamu sikuletei, maana sina za kukupa. Nakuandikia kwa jambo moja tu: mbwa wenu amemuuma binti yangu.

Usiniulize mbwa gani. Kisiwani kwetu hapakuwa na mbwa tangu enzi za bibi zetu, mpaka ulipotuletea matajiri wako wa Dar na mafriza yao. Ruksa, mkasema, kila mtu anunue atakacho. Mkajenga kambi ya kununulia kamba wa baharini pale gatini, mkafunga jibwa lile jeusi kwenye nguzo, eti linalinda barafu. Nani aliwahi kuiba barafu Mkunguni?

Jana asubuhi Habiba alikuwa anatoka chuo cha Kurani na Mtoro, mtoto wa jirani yangu Mashavu. Mbwa alikuwa amekata mnyororo. Hakubweka. Alikuja kimya, mate yanamchuruzika kama mtoto anayeota meno, akamdaka Habiba nyuma ya mguu akamning'inia. Mtoro, unamjua, yule hana woga, akampiga mbwa kichwani na ubao wake wa kusomea. Akampiga tena, mpaka mbwa akamwachia Habiba. Ndipo akamgeukia yeye, akamkwaruza shavuni na jino, akaenda zake kama aliyetumwa.

Nilifika damu imeshaloweka kanga. Tumewaosha wote wawili mara saba, moja kwa udongo, kama dini ilivyofundisha. Shavu la Mtoro lina mstari tu. Mguu wa Habiba umefunguka mpaka nyama inaonekana.

Ninachotaka ni mbwa huyo aondoke, na matajiri wako waje kuomba radhi mbele ya watu. Wewe mwenyewe usije. Karatasi ya talaka ninayo, na uso wako siuhitaji.

Johari binti Kibwana


Ikwiriri, 22 Machi 1994

Johari,

Matusi yako nimeyapokea, nimeyaweka pembeni. Sasa soma taratibu, usirukie mistari kama kawaida yako.

Mbwa amekufa. Hakuna aliyemuua. Siku ya pili tangu amuume mtoto alianguka nyuma ya friza, taya limelegea, maji yako mbele yake hawezi kuyameza. Kabla ya hapo alikuwa amemuuma Paschal, yule mlinzi wetu. Matajiri wamemchukua Paschal haraka, wamempeleka mjini kuchomwa sindano. Watu wale hawapotezi mafuta ya boti kwa ajili ya mlinzi bila sababu. Ni kichaa cha mbwa.

Habiba lazima achomwe sindano, na si moja, anarudi tena na tena mpaka zikamilike. Ijumaa mpakie kwenye boti ya barafu. Mke wangu atampokea Nyamisati, atakaa hapa kwangu mpaka amalize. Wewe huna haja ya kuja. Mpunga wako ukiuacha, ndege wataumaliza.

La pili. Habari ya mbwa kufa usiitoe nje. Watu wa afya wakisikia watafunga kambi, na msimu wa kamba ndio huu. Hao hao watu wako watauza wapi? Nimekuambia wewe kwa sababu mtoto ni wangu.

Sadallah


Mkunguni, 24 Machi 1994

Sadallah,

Nimesoma taratibu. Nimesoma mara mbili. Nimekuta ni barua ile ile ya miaka mitatu iliyopita, umebadilisha ugonjwa tu.

Wakati ule kilikuwa kichocho. "Nurdini anakojoa damu, nampeleka hospitali, baada ya wiki mbili namrudisha." Nikamfungia nguo mbili tu kwenye kitambaa, kwa kuwa ni wiki mbili. Mwanangu hajarudi mpaka leo. Nilipomfuata huko Ikwiriri, mkeo alinitolea kigoda uani, karibu na kuku. Nurdini akasimama mlangoni akaniamkia shikamoo kama anavyomwamkia muuza vitumbua, akaingia ndani. Ukaniambia, "Mtoto wa kiume akishakua ni wa babake." Kichocho kilipona kwa vidonge vya siku moja. Nilikuja kuambiwa na watu.

Leo ni sindano, tena za kurudi na kurudi, tena akae kwako, tena mimi nisije. Wewe unadhani mimi bado ni yule yule?

Mbwa kufa, mbwa hufa. Huenda umempa sumu mwenyewe kwa aibu. Kidonda cha Habiba kinakauka. Nimewaambia watu wote kisimani, Mashavu na wengine: mkisikia maneno ya sindano, jueni ni hila ya Sadallah ya kuninyang'anya mtoto wa pili. Wamecheka, wamenielewa.

Boti yako ya barafu ikija Ijumaa, itapata kamba. Mtoto haipati.

Johari


Ikwiriri, 28 Machi 1994

Johari,

La Nurdini ni la Nurdini. Ugomvi huo utakuwepo mwaka kesho na mwaka ule mwingine, nitakujibu ukitaka. Hili haliwezi kungoja.

Hukuwahi kuniuliza mjomba wangu wa Ngorongo alikufa na nini. Nilikuwa mdogo wakati huo. Mbwa alimuuma kisigino akiwa njiani. Kidonda kikapona kabisa, akasahau, akavuna mpunga wake. Halafu siku moja akasema upepo unamuuma shingoni. Tukacheka. Kesho yake akawa analia kiu, na ukimletea kata ya maji koo linambana, anaipiga kofi mpaka ukutani. Hakuwa na wazimu, Johari, hilo ndilo baya. Alikuwa anatujua. Alituita mmoja mmoja kwa majina akatuomba tusogee mbali asije akatudhuru. Walimfunga kitandani na kamba za minazi. Kikishaanza hakina dawa, si ya hospitali wala ya mganga. Dawa yake ni kuwahi tu.

Hiyo ya kuwaambia watu kwamba sindano ni hila yangu, endelea nayo. Nisingeweza kuitunga mwenyewe. Gatini pakitulia na mimi natulia. Lakini mtoto mlete. Usipomleta nakuja na askari, na hapo itakuwa kweli nimekuja kumchukua.

Sadallah


Mkunguni, 29 Machi 1994

Shangazi Mwanahawa,

Shikamoo. Ukipata barua hii mimi nipo njiani. Nakuja Bungu na Habiba, tutakaa kwako mwezi mzima au zaidi kidogo.

Mbwa wa kambi alimuuma mguu. Sadallah anasema mbwa alikuwa na kichaa. Nimekwisha kumwita mwongo mbele ya kijiji kizima, na bado nadhani ni mwongo, lakini tangu nisome barua yake siwezi kumtazama mtoto akinywa maji. Kila akikohoa roho inaruka. Nitampeleka hospitali mwenyewe, kwa miguu yangu, na nitakuwa natokea kwako kila siku ya sindano.

Sadallah asijue, kwa hiyo na mtu mwingine yeyote asijue. Akijua tupo huko atatungoja mlango wa hospitali amchukue mtoto mkononi mwangu, kama alivyomchukua Nurdini. Hapa kijijini nimeaga kwamba nakuja kukusaidia kupalilia muhogo. Ukiulizwa, sema hivyo.

Mwanao, Johari


Bungu, 4 Aprili 1994

Shoga yangu Mashavu,

Habari za hapo? Sisi tumefika salama. Mvua ni nyingi, barabara imekatika mara mbili, lakini muhogo wa shangazi unapendeza. Tunapalilia kutwa.

Nilindie nyumba, na kuku wangu weupe wafungie jioni, fisi maji asije akawamaliza. Sadallah akija kunitafuta mwambie lolote isipokuwa Bungu. Unamjua.

Habiba hajambo, mguu umefunga. Anamuulizia Mtoro kila siku, anasema akirudi atampa kalamu yake ya rangi kwa kumpiga yule mbwa.

Wako, Johari


Mkunguni, 13 Aprili 1994

Shoga yangu Johari,

Salamu nyingi kama mchanga. Utaniwia radhi kwa mwandiko, tangu kisomo cha watu wazima kiishe sijashika kalamu zaidi ya kusaini.

Sadallah amekuja. Alikuja na askari mmoja mwenye viatu vikubwa, wakaingia nyumbani kwako bila hodi. Nikawafuata. "Yuko wapi?" Nikasema, "Kaenda Mafia, kuna arusi." "Arusi ya nani?" "Mimi sikualikwa, bwana, nitajuaje?" Askari akacheka. Sadallah hakucheka.

Mtoro alikuwa amekaa kwenye kizingiti anaparua samaki. Sadallah akamtazama shavu, akamuuliza, "Na wewe uliumwa?" Mwanangu akamjibu, "Mimi nilikwaruzwa tu. Nilimpiga, akakimbia." Sadallah akasimama pale kitambo. Nikadhani anataka kusema neno. Hakusema, akamwambia askari twende, wakapanda boti.

Sasa, shoga, nimebaki na hilo. Mwanamume anafunga safari na askari, mvua hii, kwa hila tu? Uso wake haukuwa wa hila. Ulikuwa uso wa mtu aliyetoka kuona maiti. Nimejiuliza kama nimpeleke Mtoro hospitali Kibiti. Mkwaruzo wenyewe umepona, hata kovu hulioni mpaka umgeuze juani. Mume wangu Salumu yuko ndani mikokoni anakata boriti, siwezi kumuuliza. Watu hapa wananicheka, wanasema Sadallah kanitia woga, Johari mwenyewe kamdharau.

Wewe umesoma mpaka la saba, na mtoto wako ndiye aliyeumwa zaidi. Sema nifanye nini, nitafanya.

Wako, Mashavu


Bungu, 17 Aprili 1994

Shoga yangu Mashavu,

Barua yako nimeipata. Ahsante kwa ya Mafia, nimecheka peke yangu.

Kuhusu Mtoro, usiwe na haraka. Mkwaruzo si sawa na kuumwa. Ukienda Kibiti sasa hivi wataanza kukuuliza mbwa wa nani, wapi, nani mwingine, na watu wa Sadallah wamejaa stendi yote ile, habari itamfikia kabla hujashuka kwenye gari. Nisubiri. Mwisho wa mwezi narudi, na kama bado una wasiwasi nitakupeleka mwenyewe, tutaongozana.

Mpe mkono Mtoro.

Johari


Ikwiriri, 9 Mei 1994

Johari,

Mtoro wa Mashavu tumemzika Ijumaa.

Nasema tumemzika, ila mimi nilisimama mbali. Nilipotaka kupokea jeneza, babake alinisukuma kwa bega. Salumu alitoka mikokoni usiku ule ule alioitwa, akamkuta mtoto kafungwa mikono kwa kanga ya mamake.

Watu wa afya wamekuja, wameandika, wameondoka. Kambi imefungwa. Matajiri walipakia mafriza siku moja, wakaenda kutafuta kisiwa kingine, hata kuaga hawakuaga. Mimi waliniacha gatini na watu wakinitazama.

Alikuja nao muuguzi mmoja kutoka Kibiti, Tereza, Mfipa. Akauliza mbele ya msiba, kwa sauti ya mtu asiyejua anachofanya: "Na yule mama mwingine wa Mkunguni, mwenye binti aliyeumwa mguu, amesharudi kutoka Bungu? Yule binti alimaliza sindano vizuri sana." Mashavu alikuwa amekaa kwenye mkeka. Aliinua kichwa tu.

Ndipo na mimi nilipojua. Kumbe ulimpeleka. Mimi nalala macho wazi nikihesabu mwanangu kafa, nafunga safari na askari, kumbe unapanda gari kila wiki na mtoto wangu mapajani. Namshukuru Mungu kwamba Habiba yu hai.

Sikiliza vizuri. Hayo niliyokuandikia kuhusu mbwa yalikuwa baina ya mimi na wewe. Usithubutu kuyataja huko. Mimi sikumwambia Mashavu sindano ni hila. Ulimwambia wewe, kisimani, na dunia ikasikia.

Sadallah


Bungu, 12 Mei 1994

Sadallah,

Naam, nilimwambia. Na wewe ulinijibu "endelea nayo."

Ulisimama mlangoni pa Mashavu. Ulimwona mtoto shavu, ukamuuliza kwa kinywa chako, akakujibu. Siku ile alikuwa bado na nafasi. Neno moja tu, "Mpeleke." Hukuhitaji askari kwa neno hilo. Ulimeza kwa sababu ya kamba, na kamba wenyewe wamekwisha kwenda Dar kuliwa na watu wasiotujua.

Na mimi, yule nesi aliniuliza siku ya kwanza, kabla hajavuta dawa: "Kule kwenu hakuna mwingine aliyeumwa?" Nikasema hakuna. Ningesema yupo, wangekwenda Mkunguni, na wewe ungejua nilipo, na Habiba angelala kwako usiku ule. Ndivyo nilivyofikiri. Sikufikiri Mtoro atakufa. Nilifikiri atasubiri. Mwisho wa mwezi mvua ikakata njia, nikasema wiki ijayo.

Ulimfundisha nani kuficha mtoto, Sadallah? Kama ungemrudisha Nurdini baada ya wiki mbili, mimi ningeipanda boti yako siku ile ile, na Mtoro ningempakata paja la pili.

Usije Bungu. Usiandike tena. Ukija na askari, nitamsomea askari huyo barua zako zote.

Johari


Mkunguni, 25 Mei 1994

Johari,

Nimengoja arobaini nikaona siwezi kuifikisha bila kukuandikia.

Alianza kwa kusema shavu linawasha. Pale pale penye mkwaruzo, ambapo palikuwa pamepona. Nikampaka mafuta ya nazi. Siku ya pili akakataa uji. Nilidhani deko, nikamgombeza. Nimemgombeza mwanangu, Johari, siku ambayo koo lake lilikuwa linajifunga. Halafu upepo wa mlangoni ukawa unamshtua, tukaziba na gunia. Ya mwisho sikuandikii. Hayo ni yangu. Nakuambia tu kwamba alikuwa na akili zake, na alimuulizia Habiba kama amerudi.

Paschal mlinzi amekuja kutoa pole. Amesimama uani, Mkristo wa watu, mkono wake una makovu ya yule mbwa, akalia kama mtoto. Amesema yeye alichomwa sindano siku ya pili, na Sadallah alijua, na kambi nzima waliambiwa wafunge midomo. Akasema, "Mama, mimi nilidhani Sadallah amewaambia ninyi." Nesi Tereza naye alinishika mkono. Amesema alikuuliza. Amesema ulijibu bila kufikiri.

Kwa hiyo mlijua watu wengi. Alijua mumeo wa zamani, ulijua wewe, alijua shangazi yako, walijua matajiri. Mimi na Mtoro ndio hatukujua. Na Mtoro ndiye aliyemtoa mwanao kwenye meno.

Ile barua uliyonijibu niliisoma kwa sauti siku ile, mbele yake, nikamwambia, "Umeona, Johari anasema hakuna haraka." Akafurahi. Alikuwa anaogopa sindano.

Watu wameniambia niende mahakamani. Salumu anataka kumfuata Sadallah na panga, nimemzuia, sitaki kufiwa mara mbili. Wazee wamesema wewe usirudi tena Mkunguni, wameshakubaliana, wanangoja neno langu tu. Nimekataa.

Nimesikia unatafuta shamba huko Bungu. Acha. Rudi. Kuku wako wapo, nimewafungia kila jioni kama ulivyoniagiza. Nyumba yako nimeifagia leo na kuteka maji mtungi umejaa. Utakaa hapa, mlango wako unatazama mlango wangu. Utaamka kila siku unione. Utanipita kisimani na ndoo yako, watu wakinyamaza. Ukihama utasahau, na mimi sikupi ruhusa ya kusahau.

Habiba aje acheze uani kwangu kama zamani. Nikipika atakula. Yeye sina neno naye.

Wewe usinisalimie. Watu wameniuliza kama waendelee kuniita Mama Mtoro au waache, isije ikanichoma. Nimewaambia waniite hivyo hivyo, kwa sauti, kila siku. Wewe tu, Johari, jina hilo usilitie kinywani.

Mama Mtoro